Mgeni kwenye Sefu, Mwenyeji kwenye Barua

Wajukuu wakisikia kuwa babu yao aliajiriwa posta enzi za mkoloni, picha inayowajia ni ya Mwingereza mwenye kofia ya jua, kaketi chumba cha pili, ananipigia kengele. Ingekuwa nafuu. Mkubwa aliye chumba cha pili unamzoea: unajua siku aliyoamka vibaya, unajua siku ya kumwomba ruhusa. Mkubwa wetu alikuwa Nairobi, na baina yetu na yeye palikuwa na Mto Rufiji, ofisi ya Dar es Salaam, na fomu.

Nilianza kazi 1956 katika mji mdogo wa Jimbo la Kusini, Tanganyika. Mji wenyewe sitautaja, maana watoto wa watu ninaowasimulia bado wapo pale na baadhi yao ni wakwe zangu.

Hebu tazama ofisi ile ilivyokuwa. Nchi ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, ikitawaliwa na Mwingereza. Lakini posta haikuwa ya Tanganyika. Tangu 1933, wakati ule wa mdororo wa uchumi duniani, posta yetu iliunganishwa na za Kenya na Uganda ili kubana matumizi, na kuanzia 1948 ikawa chini ya Kamisheni Kuu ya Afrika Mashariki, Nairobi. Stempu zilibeba majina ya nchi zote tatu pamoja na kichwa cha Malkia, na zilichapwa Uingereza. Shilingi tulizopokea dirishani zilitolewa na Bodi ya Sarafu iliyokaa London. Postamasta wetu, tuliyemwita Bwana Posta, alikuwa Mgoa, yaani mtu wa Mreno, kwa sababu Goa, kule pwani ya India, ilibaki mikononi mwa Wareno mpaka Desemba 1961. Na jengo tulilofanyia kazi lilikuwa la Mjerumani, yule aliyefungua posta zake za kwanza Dar es Salaam na Bagamoyo mwaka 1890. Mtu akija kununua stempu moja, serikali nne au tano zilikuwa zimeshatia mkono humo.

Wala hatukuwa wa kwanza pwani hii kutawaliwa kwa barua. Kuanzia 1875 hadi 1895 posta ya Unguja ilikuwa tawi la posta ya India. Karani wa pale, akiwa na swali, jibu lilivuka bahari kutoka Bombay. Nikikumbuka hilo huwa naona sisi tulipendelewa. Angalau Nairobi hakuna bahari.

Serikali iliyo mbali haikuoni, kwa hiyo inajikinga kwa njia mbili. Kwanza inakuhesabu. Pili inakuhamisha.

Kuhesabu kulihusu ikama, yaani idadi ya watumishi ofisi iliyoruhusiwa. Ofisi yetu ilipangiwa postamasta, karani mmoja wa posta na simu, ambaye ndiye mimi, na tarishi mmoja wa kufagia, kubeba mifuko na kupeleka simu za maandishi majumbani. Mafundi wa nguzo na waya walikuwa na mkubwa wao. Idadi hiyo haikutoka hewani. Kila baada ya muda ilikuja fomu ya kujaza barua zilizoingia, zilizotoka, za rejista, vifurushi, hawala, simu, na waliofika kuweka au kutoa akiba. Hesabu ilichukuliwa kwa majuma mawili, kisha kwa kanuni fulani ikageuzwa saa za kazi, na saa zikageuzwa watu.

Tatizo ni kwamba mwaka wangu wa kwanza majuma yale mawili yaliangukia kwenye masika. Kusini wakati wa masika haikuwa kusini unayoijua leo yenye daraja la Mkapa. Rufiji ikifurika, barabara ya Dar es Salaam ilikatika, malori yakalala, na mfuko wa barua ukaja kwa ndege au kwa meli ya mwambao, siku ikijaliwa. Zamani kidogo tulikuwa na bahati zaidi: kuanzia 1937 ndege za majini za Imperial Airways, zikitoka Uingereza kwenda Durban, zilitua Lindi ghubani, na wazee walisimulia barua ya London kufika haraka kuliko ya Songea. Vita vilipokuja na kupita, zama hizo nazo zikapita. Basi majuma ya kuhesabu yakaja, dirisha letu likiwa kimya, mimi na Bwana Posta tukitazamana, na tukajaza tulichokiona. Kanuni ikajibu kwamba tulikuwa watu wengi mno.

Hesabu hiyo ingefanywa Oktoba ingesema mengine kabisa. Msimu wa korosho ukifunguka, fedha zilishuka mji mzima kwa wakati mmoja. Na kwenye mashamba ya katani mtu alilipwa alipomaliza kipande chake, yaani kadi ya siku 30 za kazi, kwa hiyo watu wa kambi moja wakimaliza pamoja, Jumamosi yake dirisha la posta lilikuwa haliingiliki. Kila mmoja ana mama Masasi au Newala wa kumtumia hawala, kila mmoja ana kitabu cha akiba anachotaka kukishika, na wengi hawajui kuandika hata jina. Hawala moja ilimaanisha kumwuliza mtu jina la anayepelekewa, la baba yake, la jumbe wake, la duka au misheni ambako barua huachwa, halafu kumwandikia, kumsomea, na kumpaka wino kidole gumba. Kwenye fomu hiyo ilikuwa hawala moja, kama ile ya karani wa boma aliyekuja na fomu kaijaza mwenyewe kwa herufi za kuchapa.

Sasa kuhamisha. Nilisomea kazi Mbagathi, Nairobi, chuo kilichoanzishwa 1948 kwa ajili ya nchi zote tatu. Tulikuwa Waganda, Wachaga, Wajaluo, Wazaramo, chumba kimoja, tukigonga kitufe cha simu ya Morse, ile ya mapigo mafupi na marefu, mpaka usiku ndotoni tunaendelea kugonga. Nje ya lango Kenya ilikuwa kwenye hali ya hatari, na mtu hakutoka ovyo bila karatasi zake mfukoni. Tulipomaliza, kila mtu alipelekwa kusiko kwao. Mimi ni mtu wa Tanga, nikapelekwa kusini. Wa kusini akapelekwa ziwani. Haikufichwa: karani asiyejuana na watu hatapendelea mtu, hatafungua barua ya jirani, hatakopesha fedha za sefu.

Nitasema haki. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi. Katika ofisi moja ya jirani palikuwa na karani mwenyeji wa hapohapo, kijana mwema tu, aliyeombwa na mjomba wake fedha kidogo za kuzibia pengo la biashara mpaka mwisho wa mwezi. Angemkatalia vipi mjomba aliyemsomesha? Akazitoa sefuni. Mkaguzi akafika kabla ya mjomba. Na sheria ya posta ilikuwa haina huruma: upungufu unalipa wewe, hata ukiwa wa senti; ziada ikionekana, inaandikwa kuwa mapato ya serikali, hata kama unajua fika ni chenji yako mwenyewe iliyoanguka. Yule kijana hakuonekana tena dirishani.

Kwa hiyo mgeni kwenye fedha, sawa. Lakini posta ina fedha na ina barua, na barua ni jambo jingine.

Mchana wa kwanza nilipofungua mfuko peke yangu ndipo nilipoelewa. Nikakata kamba, nikavunja lakiri, nikatoa hati ya mfuko na kulinganisha barua za rejista moja moja, vizuri kama tulivyofundishwa. Kisha nikageukia barua za kawaida. Za maduka na misheni na boma zilikuwa na masanduku yao, hizo hazikunisumbua. Zilizobaki ndizo zilikuwa mji. Moja imeandikwa: «Imfikie ndugu yetu Hamisi, yule mrefu, muuza samaki.» Nyingine: «Kwa mkono wa mwalimu, ampe mke wa marehemu.» Mwalimu yupi? Marehemu yupi? Na chini kabisa palikuwa na bahasha kama nane hivi ambazo sikuweza hata kuanza nazo, maana anwani zake zilikuwa za khati ya Kiarabu, kwa Kiswahili safi kabisa, na mimi nilisoma shule ya misheni.

Kitabu cha kanuni kilikuwa na jibu. Barua yenye anwani isiyosomeka au mtu asiyejulikana inawekwa kwa muda uliotajwa, kisha inapelekwa kwenye ofisi ya barua zilizokwama, ikafunguliwe na afisa aliyeruhusiwa, irudishwe kwa mwandishi. Nilikuwa nimeanza kuzitenga. Tarishi wetu, mzee aliyebeba mizigo ya jeshi katika vita vya kwanza vya Wazungu, aliniangalia kwa muda akiwa na ufagio wake.

«Mwanangu, hizo unazitenga za nini?»

«Hazisomeki, mzee.»

Akauegemeza ufagio ukutani, akafuta mikono kwenye kanzu, akaziokota zote. «Hii ya msikiti wa Ijumaa. Hii ya bibi anayekaanga vitumbua, mwanawe yuko Mombasa. Hii... huyu kahamia Kilwa, lakini dada yake yupo.» Alipofika kwa Hamisi mrefu, akacheka. Mji ule ulikuwa na Hamisi wawili wauza samaki, na mmoja alikuwa mfupi.

Mzee yule, kwenye ikama, alikuwa mfagiaji na mbeba mifuko. Kwa daraja la mshahara alikuwa chini kabisa, na asingeweza kupanda kwa kuwa kupanda kulitaka cheti cha darasa la nane, naye chuo alichosoma kilikuwa cha Kurani. Lakini bila yeye nusu ya barua za Waswahili wa mji ule zingepanda ndege kurudi zilikotoka, na makao makuu yangeona takwimu nzuri tu: barua zimeshughulikiwa.

Bwana Posta alilijua hilo zamani. Nilipomweleza mastaajabu yangu alinijibu, akiwa hajainua macho kwenye hesabu yake, kwamba karani mgeni akae na sefu na mwenyeji akae na barua, na kwamba Nairobi hawahitaji kusumbuliwa na habari hiyo. Ofisi nzima ilijengwa juu ya mpango huo ambao haukuandikwa popote. Mimi nilishika fedha, stempu, hawala na akiba. Sikuwa na mjomba karibu. Mzee alishika majina. Na kwa kuwa mzee mmoja hakutosha msimu wa korosho, tulikuwa na wa tatu asiye kwenye orodha kabisa: kijana aliyemaliza shule ya kati, mjukuu wa mtu fulani mjini, aliyeketi barazani na kuwaandikia watu anwani, fomu, na hata barua zenyewe. Zile barua ningeweza kuziandika usingizini: salamu nyingi kama mchanga wa pwani, sisi huku hatujambo, hofu yetu ni kwenu, ama baada ya salamu nakuarifu kwamba mbuzi kafa. Kijana alilipwa kutoka fungu la vibarua, lile la kubeba mifuko kutoka gatini. Kwenye vocha alikuwa mbeba mizigo. Mikono yake ilikuwa laini kama ya mwari.

Ni udanganyifu? Nimewahi kuulizwa hivyo na mtu msomi. Fedha zilitoka, kazi ya posta ikafanyika, na kila senti ilikuwa na sahihi. Nilichojifunza ni kwamba ofisi ikiendeshwa kutoka mbali, daima kuna watumishi wa aina mbili: waliopo kwenye karatasi na waliopo kazini. Mkubwa mzuri wa kituo ni yule anayejua tofauti yao ni kubwa kiasi gani na kwa nini.

Mkaguzi alikuja mwaka wa pili. Alikuwa Mzungu, na hakutoa taarifa, ndiyo desturi yao. Aliteremka kwenye ndege ya asubuhi, akaingia kabla hatujamaliza kufungua, na kitu cha kwanza alichotaka ni sefu. Mkaguzi wa posta hakusalimii kwanza. Alihesabu noti, akahesabu sarafu, akahesabu stempu karatasi kwa karatasi, zile zenye twiga, simba na tembo, na bwawa la Owen Falls. Akapima mizani kwa mawe yake mwenyewe. Akafungua daftari la mihuri, maana kila asubuhi tarehe ikibadilishwa muhuri wa kwanza ulipigwa humo kabla ya kugusa barua yoyote, na akapekua nyuma kutafuta siku tuliyosahau. Alimkuta Bwana Posta safi. Kisha akatoka barazani.

Kijana alikuwa na watu wamemzunguka, kalamu masikioni, ameshika rundo la bahasha za watu.

Mkaguzi akauliza huyu ni nani. Kila anayegusa barua za posta alipaswa kuweka sahihi kwenye tamko la kutunza siri, na tamko la kijana halikuwapo, kwa kuwa kijana mwenyewe hakuwapo. Mimi nilianza kutokwa na jasho. Bwana Posta alisema, kwa utulivu, kwamba hizo barua bado hazijawa za posta. Zitakuwa za posta zikishaingia sandukuni. Kabla ya hapo ni karatasi za watu. Mkaguzi alisimama kidogo akiliangalia lile sanduku jekundu ukutani na umbali wake kutoka kwenye meza ya kijana, labda hatua tatu. Kisha akataka fomu ya tamko, akamfanya kijana aweke sahihi, akamgeukia mzee naye aweke. Mzee aliweka kwa khati yake ya Kiarabu, mwandiko mzuri kuliko wetu sote. Mkaguzi akaandika «mbeba mifuko» kwenye jina la kijana, akalifunga daftari. Nadhani alikuwa ameona baraza kama lile sehemu nyingi. Mtu anayezunguka hujua mambo ambayo ofisi yake haiyajui, na mara nyingine huchagua kutoyafikisha.

Somo jingine nililipata kwa Bwana Posta huyohuyo, nalo ni namna ya kumwandikia mkubwa wa mbali. Yeye hakuwahi kuomba ruhusa. Aliarifu. Barua zake zote kwa ofisi ya juu zilikuwa na umbo moja: hali ni hii, kwa kuwa mvua imekata barabara nimefanya hivi, na nitaendelea hivi hivi kuanzia tarehe fulani msipoagiza vinginevyo. Tarehe aliichagua kwa akili. Isiwe karibu mno ikaonekana ujeuri, wala mbali mno wakapata nafasi ya kufikiri. Ukiomba, barua yako inawekwa kwenye jalada mpaka apatikane mwenye mamlaka ya kukubali. Ukiarifu, lazima atafutwe mtu mwenye ari ya kukataa, na watu wa namna hiyo ni wachache ofisini, hasa mchana.

Na alikuwa na sababu ya kuujua ujanja huo. Watu wa aina yake ndio waliobeba posta, reli na forodha za nchi hizi, Wagoa na Wahindi, na malipo yao yalipangwa kwa rangi. Tume ya Holmes ya 1948 ilipendekeza waziwazi kwamba Mwasia alipwe tatu ya tano ya mshahara wa Mzungu. Tume ya Lidbury ya 1954 ikaiondoa kanuni hiyo kwenye maandishi, ikaweka nyongeza maalumu kwa walioletwa kutoka ng'ambo. Sisi Waafrika tulilipwa pungufu kuliko Waasia. Sikumwona akilalamika, lakini niliona jinsi alivyokuwa akisoma waraka mpya wa mishahara, kwa kidole, mstari kwa mstari, kisha akaukunja vipande vidogo sana.

Likizo yake ilipofika, alisafiri kwenda Goa kwa meli, kama Wagoa wote walivyofanya, miezi kadhaa. Mtu wa kumshikia alipangwa kutoka kaskazini. Mvua ikamzuia Dar es Salaam, kisha akaugua, kisha akapelekwa kwingine kulikozidiwa. Nikakaimu mimi, kijana wa miaka ishirini na kitu, bila barua ya kukaimu na bila posho yake. Tulikabidhiana kwa kuhesabu kila kitu mpaka kamba za mifuko, tukatia sahihi wote wawili.

Shida ilikuwa ufunguo. Sefu ilikuwa na funguo mbili ili mtu mmoja asiweze kuifungua peke yake, kanuni nzuri sana kwa ofisi yenye maafisa wawili. Mmoja akiwa baharini, kanuni inasemaje? Haisemi. Kumpa mzee ufunguo wa pili kusingekubalika, na kwa kweli mwenyewe asingekubali. Alikuwa na wajomba mji mzima. Kabla ya kuondoka, Bwana Posta alikwenda boma akakubaliana na mtunza fedha wa pale, naye mgeni kama mimi, mtu wa Bukoba. Kila asubuhi mtu wa Bukoba alikuja, tukafungua pamoja, akarudi kazini kwake, jioni tena. Tukaarifu. Tarehe ikapita. Hakuna aliyeagiza vinginevyo.

Miezi ile ndiyo iliyonifundisha kazi. Mchana nilikuwa dirishani, na mtambo wa simu nyuma yangu ukianza kugonga nilimwacha mteja na kwenda kupokea, kwa sababu Morse haisubiri. Watu walielewa. Hawakuelewa malipo ya simu. Kila neno lililipiwa, na neno lililozidi herufi 15 lilihesabiwa mawili, kwa hiyo Kiswahili kilikuwa neema kwa mtuma simu: sentensi nzima unaibana kwenye neno moja. Lakini jaribu kumweleza mtu kwamba «nimekwishakutumia» ni maneno mawili na «nimekutumia» ni moja. Mzee mmoja wa korosho alinishitaki kwa liwali kwamba karani wa Tanga anakata maneno ya watu vipande ili ale fedha. Liwali alihesabu herufi kwa kidole mbele ya baraza lake, akapata 17, akamwambia aondoe «kwisha».

Mwenyewe Bwana Posta aliporudi alikuta sefu sawa, mzee yupo, kijana yupo, na fomu mpya ya kuhesabu barua iko mezani. Safari hii ilikuwa Novemba. Hatukuijaza kwa haraka. Tuliijaza kwa raha, tukihesabu mpaka kadi. Nafasi moja ya karani iliongezwa, na Nairobi wakatuletea kijana wa Moshi. Kijana wa barazani hakufikiriwa, kwa kuwa alikuwa mwenyeji.

Uhuru ulipokuja Desemba 1961 mambo mengi yalibadilika upesi, na vyeo vya juu vikaanza kushikwa na Waafrika. Umbali haukubadilika. Posta iliendelea kuwa ya nchi tatu, kwanza chini ya shirika la huduma za pamoja, kisha, kwa mkataba wa Jumuiya wa 1967, makao makuu yakahamia Kampala. Kutoka kusini, Kampala ni mbali kuliko Nairobi. Fomu ya ikama ilikuwa ileile, imebadilishwa anwani ya kichwani. Na kanuni ya kumpeleka kila mtu kusiko kwao ilibaki pia, sasa kwa jina jipya: kujenga umoja. Sikuwa na ugomvi na umoja. Mke wangu ni mtu wa kusini, nisingempata bila kanuni hiyo.

Wakati huo mimi ndiye nilikuwa postamasta, katika mji mwingine wa kusini, mkubwa kidogo. Nilipanga watu wangu kama nilivyofundishwa. Mgeni sefuni. Kwenye kuchambua barua niliweka mwenyeji, yule yule kijana wa barazani, ambaye kufikia hapo alikuwa amefanya mtihani na kuajiriwa rasmi. Babu yake upande wa mama alitoka mji huo, alikuwa na ndugu kila kichochoro. Aliwajua mpaka watu waliobadili majina baada ya kuoa mara ya pili. Vijana waliotoka chuoni walichukua nusu siku kuchambua mfuko ambao yeye aliumaliza kwa saa moja akipiga hadithi.

Barua ya uhamisho wake ikaja mapema miaka ya 1970, aende Soroti, Uganda. Ilikuwa na sababu zote nzuri: uzoefu, mzunguko wa watumishi, mtu amekaa mno kwao. Niliisoma mara mbili, nikaketi kwenye taipureta. Nikaandika kwamba hali ni hii, msimu wa korosho umeanza, na kwa kuwa ofisi haina mwingine anayesoma khati ya Kiarabu nimemzuia mtumishi huyu kwa sasa, na nitaendelea kumzuia baada ya tarehe 31 Januari msipoagiza vinginevyo.

Hawakuagiza. Alikaa pale mpaka Jumuiya yenyewe ikavunjika 1977.